Maalimu wa kwanza hasahauliki

Mzazi anayetafuta chuo cha Kurani cha kumpeleka mwanawe huuliza mambo mawili: ada ni kiasi gani, na watoto wa pale wamefika juzuu, yaani sehemu ya Kurani, ya ngapi. Ni maswali ya haki. La tatu, ambalo wachache hulitaja, ndilo linalonishughulisha hapa: mtoto wa miaka minne akivua viatu mlangoni siku ya kwanza, atapokewa na nani, na kwa uso gani?

Kwa mtoto mdogo imani huja na mtu. Sauti ya mtu huyo, mkono wake, jamvi analokalia, ukali au upole wa saa ile, vyote humwingia pamoja na Bismillahi, na ukubwani ni vigumu kuvitenga. Ndiyo maana wawili waliohitimu chuo kimoja wakisikia kisomo kile kile, mmoja roho humtulia na mwingine tumbo humkaza.

Naandika kuhusu vyuo vya mwambao, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Pemba, kwa kuwa huko malezi haya yana mizizi mirefu. Msomaji Mkristo aliyepitia mafundisho ya kipaimara au shule ya Jumapili ataona mengi yanayomhusu pia.

Kinachojengwa kabla ya herufi

Kati ya 1954 na 1955 mtafiti Mary Ainsworth alikaa vijijini karibu na Kampala, akiwaangalia watoto wachanga wa Kiganda na mama zao, familia 26. Aliona kwamba mtoto ambaye mama yake humwitikia akilia ndiye anayethubutu kutambaa mbali, akarudi kumtazama mama kidogo, kisha akaenda tena. Asiye na uhakika na mama hung'ang'ania, au hunyamaza kabisa. Bibi zetu walilijua hilo bila daftari, lakini kazi ile ya Uganda imekuwa mojawapo ya misingi ya elimu ya malezi duniani.

Baadaye watafiti wa dini, hasa Lee Kirkpatrick wa Marekani na Pehr Granqvist wa Sweden, waliuliza kama mtu mzima anapomkimbilia Mungu kwenye shida hupita njia ile ile aliyoizoea kwa wazazi wake. Walieleza njia mbili. Aliyelelewa kwa utulivu na wazazi wenye dini mara nyingi hurithi dini yao polepole, bila kishindo. Aliyelelewa kwa ukali au kutelekezwa, akiipata imani, aghalabu huipata kwa ghafla, wakati wa msiba au maisha yanapomwelemea, akitafuta kwa Mungu ulinzi alioukosa nyumbani. Hakuna iliyo bora mbele ya Mwenyezi Mungu. Kwa maalimu, hata hivyo, hili lina maana ya wazi: mtoto mkorofi zaidi darasani, yule ambaye kwao hakuna anayemsikiliza, ndiye anayemhitaji kuliko wengine wote, na ndiye ambaye kwa kawaida hupata bakora nyingi zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo akina baba wangepaswa kulisikia. Vern Bengtson wa Chuo Kikuu cha Southern California alifuatilia familia za huko kwa vizazi kadhaa tangu 1970, aone ni nani hurithi dini ya wazazi na ni nani huiacha. Bidii ya wazazi katika ibada ilikuwa na nafasi yake, ila ukaribu na upendo ndio uliopambanua, na mara nyingi ukaribu wa baba ulikuwa na uzito wa pekee. Familia zile ni za Marekani, nyingi za Kikristo, kwa hiyo sizihamishi hadi Mombasa kama zilivyo. Lakini angalia nyumba zetu: mama huamsha, huogesha, huvalisha kanzu na kofia, hupeleka chuoni, baba huingizwa kwenye habari ya dini pale tu mtoto alipokosa. Mtoto huyo humjua baba wa dini kama mtu wa adhabu. Dawa yake haina gharama. Kila siku baada ya magharibi, dakika tano tu, baba akae chini, mtoto amsomee alichofundishwa leo, na baba asisahihishe chochote isipokuwa ameulizwa. Kazi ya kusahihisha ni ya maalimu. Kazi ya baba pale ni kusikiliza.

Mafundisho yenyewe ya Mtume (s.a.w.) yana mifano ya namna hii mingi kuliko inayosemwa kwenye mimbari. Alisali akimbeba Umama, binti wa mwanawe Zainabu, akimweka chini anaposujudu na kumnyanyua anapoinuka. Imepokewa kwamba alirefusha sijida kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, naye hakutaka kumharakisha. Anas bin Malik, aliyemtumikia tangu utotoni kwa miaka kumi, alisimulia kwamba hakuwahi kuambiwa hata neno la kuchukiwa. Mtoto anayefukuzwa msikitini kwa kucheka safu ya nyuma angefaa kuanza kwa kusimuliwa haya.

Dakika tatu kwa kila mtoto

Tuingie chuoni. Chukua chuo cha kawaida cha mtaani: maalimu mmoja, watoto 40, saa mbili baada ya shule. Ukigawa, kila mtoto anapata dakika tatu za maalimu. Dakika 117 zilizobaki anafanya nini? Anapiga kelele pamoja na wenzake, anachoka, anamfinya wa jirani, anachapwa. Ukorofi mwingi wa chuoni huzaliwa na hesabu hiyo. Tabia ya mtoto haihusiki sana.

Ukiwa na watoto 40, wagawe makundi manne au matano ya watoto wanane hadi kumi kwa kiwango chao, si kwa umri. Kila kundi lipewe mwanafunzi mkubwa wa kuwadurusisha yale waliyokwisha kufundishwa. Somo jipya libaki la maalimu mwenyewe. Mkubwa huyo asipewe fimbo hata siku moja. Kijana wa miaka 13 mwenye fimbo juu ya watoto wa miaka sita hujifunza kwamba elimu ya dini ni mamlaka ya kuumiza, na hilo litakaa naye muda mrefu kuliko hukumu za tajwidi, kanuni za kusoma Kurani.

Muda wa kukaa nao una mipaka. Kwa mtoto wa miaka minne au mitano, dakika 10 hadi 15 za somo kwa mkupuo zinatosha, kisha ainuke, aimbe kasida, achore herufi mchangani. Wa miaka sita au saba huweza 20 hadi 25. Mwanazuoni Ghazali, aliyefariki 1111, alikwisha kusema kwamba mtoto akitoka kwa mwalimu aruhusiwe mchezo mzuri wa kumpumzisha, kwani kumnyima mchezo na kumchosha kwa masomo huua moyo wake. Mombasa katika miaka ya 1980 Mfuko wa Aga Khan ulishirikiana na jamii ya Kiislamu ya mwambao kuanzisha shule za awali zinazounganisha mafunzo ya dini na kujifunza kwa kucheza, kwa vifaa vya kuokota kama vizibo, vifuu na makopo. Mpango ule ukafika Zanzibar na Uganda. Mtaa usio na fedha unaweza kuiga sehemu hiyo ya vifaa kesho asubuhi.

Herufi za Kiarabu ni 28. Fundisha tatu au nne kwa wiki. Kosa la kawaida ni kuziimbisha kwa mpangilio tu, alifu, be, te, the, mpaka mtoto anazikariri kama wimbo huku macho yako dirishani. Mpime kwa kumwonyesha herufi moja moja bila mpangilio. Zinazomchanganya ni zile za umbo moja na nukta tofauti: be, te na the, jimu, he na khe, dali na dhali, sini na shini. Zifundishe kwa siku tofauti, kisha ndipo uziweke pamoja. Baada ya herufi ni irabu, fat-ha (a) peke yake mpaka ikae, halafu kasra (i), halafu dhumma (u). Alama nyingine, sukuni, shadda na tanwini, zisubiri. Anayeharakishwa hapa atafika juzuu Amma, ile ya mwisho yenye sura fupi, akikisia maneno kwa kuangalia yalipo kwenye ukurasa. Ukitaka kujua, mfunike mstari wa juu na wa chini, umwache na mmoja.

Matamshi nayo yana mtego unaogusa moyo. Mtoto aliyekulia Kiswahili cha pwani ana th, dh, gh na kh kinywani tayari, na kinachomsumbua ni aini, qafu na ile he ya kooni. Mtoto ambaye kwao ni bara anaweza kuleta s mahali pa th, z mahali pa dh, g mahali pa gh. Darasa likimcheka, maalimu naye akatabasamu, mtoto yule atapunguza sauti siku ile, na mwezi ujao atakuwa ananong'ona. Watu wazima wasiothubutu kusoma kwa sauti hata kwenye khitima ya marehemu wao wapo wengi, na ukiwauliza mara nyingi wanakumbuka kicheko. Amri ya maalimu iwe moja na isiyolegea: hachekwi mtu anayesoma.

Kuhifadhi, na Maauni ya jikoni

Utaratibu wa kuhifadhi unafahamika: Fatiha, yenye aya 7, kisha An-Nas aya 6, Al-Falaq 5, Al-Ikhlas 4, ukipanda hivyo mpaka An-Naba yenye 40. Juzuu Amma yote ina sura 37. Mtoto wa miaka mitano apewe aya moja, asikilizwe kwa maalimu mara tatu, arudie mwenyewe, basi. Kudurusi ndiko kunakoshika: kila siku ya chuo aanze na ya jana, halafu za wiki nzima, halafu sura moja ya zamani. Vyuo vingi huharakisha somo jipya kwa sababu mzazi huuliza amefika wapi, na miezi sita baadaye za mwanzo zimepotea. Mtoto hujiona mjinga, kumbe aliyekosea ni mpangaji.

Mfano wa kosa lisilo la uzembe ni Al-Kafirun. Aya ya 3 na ya 5 zinafanana neno kwa neno, kwa hiyo mtoto akifika ya 5 ulimi humrudisha kwenye ya 4, akazunguka bila kutoka. Wapo waliochapwa miaka nenda miaka rudi kwa mzunguko huo. Fundisha jozi: aya ya 3 na ya 4 pamoja, zikomae kwanza, kisha ya 5 na ya 6, na mwambie waziwazi kwamba mara ya kwanza unaendelea, mara ya pili unafunga na «lakum dinukum». Al-Inshirah nayo ina ya 5 na ya 6 zinazokaribiana sana, ila fupi, hazisumbui. Mtoto aliyeonyeshwa mtego ulipo na jinsi ya kuuvuka anapata somo kubwa kuliko sura: kwamba kukosea kuna sababu, na sababu hutafutwa.

Kila sura iende na maana yake, kwa sentensi moja ya Kiswahili, siyo tafsiri nzima. Maalimu asiye na uhakika anayo tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, iliyotolewa kamili 1969, na ya Sheikh Ali Muhsin Barwani. Hapa ndipo dini na tabia zinapokutana au kuachana. Chukua Al-Ma'un, yaani Maauni, aya 7. Inamtaja anayemsukuma yatima, asiyehimiza kumlisha maskini, anayesali kwa kujionyesha, na mwisho wanaozuia vitu vidogo vya kusaidiana. Mtoto aihifadhi asubuhi. Alasiri jirani amtume mwanawe kuomba chumvi, na mama aseme kutoka ndani, «Mwambie imekwisha», huku kopo limejaa. Mtoto wa miaka saba anaona kopo na anajua sura. Hatauliza. Ataweka akilini kwamba kuna maneno ya chuoni na kuna maisha, na kila moja lina mahali pake.

Ndiyo maana ahadi ndogo kwa mtoto nazipa uzito kuliko mawaidha marefu. Imepokewa na Abu Daud, mkusanyaji wa hadithi, kwamba mama mmoja alimwita mwanawe aje apewe kitu, Mtume (s.a.w.) akamuuliza alikusudia kumpa nini. Akajibu, tende. Akaambiwa kwamba lau asingempa chochote angeandikiwa uongo. «Njoo nikupe pipi» bila pipi, «kesho tutakwenda Forodhani» bila nia ya kwenda, «ukilala babu atakuja»: kila moja ni somo la akida, la imani, kwa njia yake, kwa sababu mtoto anayejifunza kwamba maneno ya wakubwa hayana kitu ndani ataambiwa pia na wakubwa hao hao kwamba kuna Pepo.

Fimbo

Nasema bila kuzunguka: fimbo itoke chuoni.

Najua hoja inayoletwa, hadithi ya kuwaamrisha watoto sala wakiwa na miaka saba na kuwapiga kwayo wakifika kumi. Ihesabu vizuri. Kati ya saba na kumi kuna miaka mitatu, na mwaka wa Hijria una siku 354, na sala ni tano. Ni zaidi ya mara 5,000 za kukumbusha kwa upole kabla ya lolote jingine. Wanazuoni wakaweka na masharti juu yake: kipigo kisiumize, kisiache alama, kisiguse uso. Sasa linganisha na mtoto wa miaka sita anayechapwa viganja kwa kusahau aya. Hadithi ile haimhusu, kwa umri wala kwa kosa.

Mwanahistoria Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis 1332, alieleza madhara kwa undani ambao hata leo haujapitwa. Mwanafunzi anayelelewa kwa ukali na kulazimishwa, aliandika, hubanwa nafsi, hupoteza uchangamfu, huwa mvivu, kisha hujifunza uongo na hila ili kuukwepa mkono wa anayempiga, na mwisho hila hizo huwa ndizo tabia zake. Tazama anavyofuata hatua: kipigo, hofu, uongo, tabia. Mtoto anayesema «nilikuwa naumwa» ili asichapwe kwa kuchelewa ameanza safari hiyo. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 na sheria ya elimu ya 2013 zimekataza adhabu ya viboko. Lakini hata pasipo sheria, hoja ya Ibn Khaldun ingetosha.

Badala yake ufanyeje? Anayesumbua msogeze karibu nawe, kwa kawaida hilo peke yake hutuliza nusu ya fujo. Mpe kazi ya mikono, kama kugawa misahafu au kumwaga maji ya kutawadhia wadogo. Akiendelea, zungumza naye peke yake lakini mbele ya macho ya watu, umuulize amekula nini leo na amelala saa ngapi. Utashangaa mara ngapi jibu ni njaa. Kisha mzazi, kwa faragha. Na jambo moja lisifanywe kamwe, hata pale wasipopiga: kumwandikisha sura mara 20 kama adhabu. Unamwambia kwa vitendo kwamba maneno ya Mwenyezi Mungu ni mateso.

Hapo hapo niweke la usalama, maana jeraha la namna hii huvunja imani na mwili pamoja. Hakuna somo la mtoto mmoja na mwalimu mmoja nyuma ya mlango uliofungwa. Madirisha wazi, mlango wazi, wazazi huingia bila taarifa. Mtoto hatumwi chumbani kwa mwalimu, wala habaki baada ya wenzake kuondoka. Mtoto aliyekuwa akipenda chuo akakataa ghafla, akaanza kukojoa kitandani au kuogopa mtu fulani, asiambiwe ni shetani. Aulizwe taratibu, asikilizwe, aaminiwe, apelekwe hospitali na polisi ikibidi. Heshima ya chuo haizidi mwili wa mtoto.

Moto, na kitu kidogo kuhusu usiku

Vitisho vya Jahanamu hutumiwa nyumbani kwa mambo ambayo hayana uhusiano nayo: hukumaliza wali, Mungu atakuchoma, umevunja kikombe, Mungu anakuona. Mtoto chini ya miaka saba hawezi kupima. Kwake kikombe na ushirikina vina moto mmoja. Katika umri huo mweleze Aliyeumba, Anayeruzuku, Anayesikia dua hata ya mtoto, na useme «Mungu anakuona» hasa pale alipofanya wema uliofichika, alipomgawia mdogo wake ndizi bila kuambiwa. Habari za hesabu na adhabu zije akili inapoweza kuzibeba, zikiandamana na toba. Dalili kwamba umezidisha ni hizi: anaota ndoto mbaya zinazojirudia, anarudia udhu mara tatu nne akidhani umebatilika, anaomba msamaha kwa vitu ambavyo si makosa. Ukiziona, acha habari za moto kabisa kwa miezi, na kabla ya kulala msomee Al-Ikhlas na mbili zinazofuata, mkono wako ukiwa kichwani pake.

Funga ya mtoto

Ramadhani ndiyo inayobaki akilini kuliko yote. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, funga ya mwambao ni kama saa 13 na nusu, na haibadiliki sana mwaka hadi mwaka. Kwa mtoto wa miaka saba au minane ni ndefu mno. Anza na hadi saa nne asubuhi, siku mbili tatu kwa wiki, mwaka unaofuata hadi adhuhuri, halafu alasiri, na siku kamili chache anapokaribia kumi. Daku yake iwe ya kushiba taratibu: uji, maharage, ndizi au muhogo, tende, na glasi mbili za maji, punguza chumvi na chai ya rangi. Akipata kizunguzungu, akitapika, midomo ikikauka, au hajakojoa tangu asubuhi hadi alasiri, anafungua hapo hapo, na hakuna kumwaibisha. Mwenye seli mundu asijaribiwe kabisa bila daktari, kwa sababu upungufu wa maji humletea maumivu makali. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza vivyo hivyo.

Anayelazimishwa hujifunza kitu kingine: kunywa maji chooni kwa siri na kutoka akijifuta mdomo. Umetaka kumfundisha ibada ambayo hakuna aijuaye isipokuwa yeye na Mola wake, ukamfundisha kujificha. Masahaba walipowafungisha watoto siku ya Ashura, kama anavyosimulia Rubayyi binti Muawwidh, waliwatengenezea vitu vya kuchezea vya sufi, mtoto akililia chakula hupewa hicho mpaka wakati wa kufuturu. Walimshughulisha.

Na umpe kazi yenye utamu wake: kupeleka futari kwa jirani. Sahani imefunikwa kawa, mihogo ya nazi au kaimati ndani, aibebe mwenyewe kwa mikono miwili, abishe hodi, aamkie shikamoo, atoe salamu za mama. Mpeleke kwanza kwa mjane au mzee anayeishi peke yake, ndipo kwa ndugu. Ikimwagika njiani, jaza nyingine umrudishe. Mtoto aliyefanya hivyo Ramadhani tano mfululizo hahitaji hotuba ya kumweleza Al-Ma'un.

Akiwa ameshaumizwa

Wengi watasoma haya mtoto ana miaka kumi na amekwisha kuchukia chuo. Inarekebishika, ila pole pole. Msimamishe kwa muda, wiki mbili au nne, bila kumwita asi. Katika muda huo ibaki sala ya pamoja nyumbani tu, fupi, na kisomo cha mtu mwenye sauti nzuri kisikike wakati wa kazi nyingine bila yeye kuulizwa lolote. Kisha mrudishe kwenye sura anazozijua vizuri, zile fupi kabisa, asome na asifiwe kwa haki. Usianzie pale alipochapiwa. Aya hiyo iache iwe ya mwisho. Kama inawezekana badilisha maalimu, na nenda ukae naye darasani siku tatu za mwanzo.

Kama maalimu ni yule yule na amejuta, amwombe radhi mtoto mbele ya watoto walioshuhudia. Aseme alichofanya kwa jina lake, aseme hakikuwa haki, aseme hakitarudiwa. Asimtake mtoto ajibu kwamba yamekwisha, wala asimkumbatie bila ridhaa yake. Amwachie akae pale anapotaka, hata kama ni karibu na mlango, mpaka atakaposogea mwenyewe.